Dai, Uthibitisho na Simulizi: Historia ya Namba 2⁶⁷ − 1 Kuanzia Mersenne hadi Bell (1644–1951)

1.0 Utangulizi

Namba 147,573,952,589,676,412,927 ina tarakimu 21. Hupatikana kwa kuchukua 2 katika kipeo cha 67, kisha kutoa 1. Katika vitabu vingi vya historia ya hisabati vilivyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa kawaida, habari za namba hii husimuliwa kwa namna moja: kwamba mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alidai kuwa ni namba tasa; kwamba dai hilo lilikaa zaidi ya miaka 250 bila kuguswa; na kwamba mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake mjini New York, akalibomoa kwa chaki pasipo kutamka neno lolote.

Simulizi hiyo inavutia, na baadhi ya sehemu zake ni za kweli. Hata hivyo, inaficha jambo la msingi. Kufikia mwaka 1903, dai la Mersenne kuhusu namba hii lilikuwa limekwisha kukanushwa. Édouard Lucas alikuwa ametangaza mwaka 1876, miaka 27 kabla ya Cole, kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Swali la kihistoria, basi, si nani aliyemkosoa Mersenne kwanza. Swali ni hili: ikiwa jibu lilikwisha kujulikana, Cole aliongeza nini?

Hoja inayotetewa katika insha hii ni kwamba historia ya namba 2⁶⁷ − 1 inaonyesha ngazi tatu za ujuzi ambazo hazipaswi kuchanganywa. Ya kwanza ni dai linalosimama juu ya heshima ya msemaji. Ya pili ni uthibitisho unaotegemea usahihi wa hesabu ndefu ya mtu mmoja. Ya tatu ni ushahidi ambao kila mtu anaweza kuukagua mwenyewe kwa muda mfupi. Cole aliipandisha namba hii kutoka ngazi ya pili hadi ya tatu. Simulizi iliyokuja baadaye, kwa upande wake, iliirudisha historia ya tendo hilo kwenye ngazi ya kwanza.

Kwa matumizi ya insha hii, namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 na isiyo na kigawo chochote ila 1 na yenyewe. Namba zenye sura ya 2ᵖ − 1, ambapo p ni tasa, zitaitwa namba za Mersenne kama ilivyo desturi katika nadharia ya namba.

2.0 Chimbuko la Dai

Shauku ya namba za aina hii ilitangulia kuzaliwa kwa Mersenne kwa karne nyingi. Katika kitabu cha tisa cha Elementa, Euclid alithibitisha kwamba ikiwa 2ᵖ − 1 ni tasa, basi zao la namba hiyo na 2 katika kipeo cha p − 1 ni namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote visivyo yenyewe. Namba 6, 28, 496 na 8,128 ndizo nne za kwanza. Kwa hiyo aliyetafuta namba timilifu alilazimika kwanza kujua ni vipeo vipi vinavyozaa namba tasa.

Kosa la mapema lilikuwa kudhani kwamba kila kipeo kilicho tasa huzaa namba tasa. Mwaka 1536 Hudalricus Regius alionyesha kwamba 2¹¹ − 1, yaani 2,047, ni zao la 23 na 89. Pietro Cataldi wa Bologna, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1603, alithibitisha kwa kugawanya hatua kwa hatua kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Kisha akavuka mipaka ya hesabu zake na kudai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo huzaa namba tasa. Katika hivyo vinne, ni 31 pekee kilichosimama. Mwaka 1640 Pierre de Fermat alionyesha kwamba 47 hugawa 2²³ − 1 na kwamba 223 hugawa 2³⁷ − 1. Baadaye Leonhard Euler alikiondoa kipeo 29 kwa kigawo 233.

Fermat hakuvipata vigawo hivyo kwa kubahatisha. Alikuwa amegundua kanuni kwamba, p ikiwa tasa na kubwa kuliko 2, kila kigawo tasa cha 2ᵖ − 1 huacha baki 1 kinapogawanywa kwa 2p. Kwa kipeo 23, kwa mfano, vigawo hutafutwa miongoni mwa namba 47, 93, 139 na kuendelea, na kigawo kikaonekana katika jaribio la kwanza kabisa. Kanuni hiyo, ambayo Fermat alimwandikia Mersenne, ndiyo uti wa mgongo wa yote yatakayoelezwa hapa chini.

Mersenne mwenyewe alikuwa kiungo cha mawasiliano ya wasomi wa Ulaya kuliko mkokotoaji. Katika Cogitata Physico-Mathematica, iliyochapishwa Paris mwaka 1644, alitaja vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 kuwa ndivyo pekee, hadi kufikia 257, vinavyozaa namba tasa. Hakutoa uthibitisho. Alikiri pia katika kitabu hichohicho kwamba muda wote usingetosha kupima namba yenye tarakimu 15 au 20. Ukiri huo una uzito kwa mwanahistoria: namba inayotokana na 67 ina tarakimu 21, na inayotokana na 257 ina tarakimu 78. Aliyeandika orodha ndiye aliyesema kwamba sehemu yake ya mwisho haikuwa imepimwa.

Leo inajulikana kwamba orodha hiyo ina makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuwamo, ilhali 61, 89 na 107 ziliachwa. Imewahi kupendekezwa kwamba 67 ni kosa la chapa na kwamba Mersenne alikusudia 61. Pendekezo hilo linavutia kwa sababu tarakimu moja tu hubadilika, lakini halielezi kuachwa kwa 89 na 107 wala kuingizwa kwa 257. Ni salama zaidi kuichukulia orodha kuwa makisio ya mtu mwenye maarifa mengi, yaliyosomwa na waliofuata kana kwamba ni matokeo.

3.0 Lucas na Tatizo la Jibu la Hapana

Mwaka 1772 Euler alithibitisha kwamba 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647, ni tasa. Alitumia kanuni ya Fermat kupunguza idadi ya wagombea, lakini njia yake bado ilikuwa ya kugawanya. Kwa kipeo 67 njia hiyo ilikuwa nzito mno. Kanuni ya Fermat inawaruhusu wagombea wa sura 134k + 1 pekee. Kanuni nyingine, inayodai kila kigawo kiache baki 1 au 7 kinapogawanywa kwa 8, huondoa nusu ya hao. Hata hivyo, kigawo kidogo cha namba hii hakionekani mpaka k ifikie 1,445,580. Mgawanyaji angepitia wagombea 722,790 kabla ya kukikuta.

Lucas aliliacha suala la kugawanya kabisa. Njia yake, katika sura iliyokamilishwa na Derrick Henry Lehmer mwaka 1930, ni hii: anza na 4, zidisha namba uliyo nayo kwa yenyewe na utoe 2, rudia hadi hatua zifike p − 2. Ikiwa namba ya mwisho hugawanyika kwa 2ᵖ − 1 bila baki, basi 2ᵖ − 1 ni tasa. Ikibaki chochote, si tasa. Kwa kipeo 5 hatua ni tatu: 4 huzaa 14, 14 huzaa 194, na 194 huzaa 37,634, ambayo ni 31 mara 1,214. Hakuna baki, kwa hiyo 31 ni tasa. Ili namba zisifurike, katika kila hatua mkokotoaji huhifadhi baki tu.

Kwa njia ya aina hiyo Lucas alitangaza mwaka 1876 kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, na kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Matangazo hayo mawili hutajwa pamoja, lakini kwa mtazamo wa ushahidi hayalingani, na tofauti yake ndiyo ufunguo wa mjadala huu.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha. Kwa kipeo 11, msururu unaoanza na 4 hupitia mabaki 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240 na 282, na kuishia na 1,736. Kwa kuwa 1,736 si sifuri, 2,047 si tasa. Lakini namba 1,736 haisemi lolote kuhusu 23 wala 89. Tena, mkokotoaji akikosea tarakimu moja katikati ya njia, karibu kwa hakika ataishia kwenye baki jingine lisilo sifuri, na hukumu yake itabaki ileile: si tasa. Kosa huvaa sura ya jibu.

Kinyume chake, sifuri haiji kwa bahati. Mtu anayepita hatua zaidi ya 100 kwa namba zenye tarakimu 39 na kukuta sifuri mwishoni ana sababu nzuri ya kuamini kwamba hakukosea popote, kwa maana kosa lingeiharibu sifuri hiyo. Hivyo jibu la ndiyo kwa 127 lilijithibitisha lenyewe, ilhali jibu la hapana kwa 67, lililohitaji hatua 65, lilimtaka msomaji amwamini Lucas kwamba hakukosea mahali popote. Lucas alikuwa sahihi. Hata hivyo, kuwa sahihi na kuwa umeonyesha ni mambo mawili, na pengo kati yake ndilo lililobaki wazi hadi mwaka 1903.

4.0 Kazi ya Cole

Frank Nelson Cole (1861–1926) alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia na katibu wa Chama cha Hisabati cha Marekani kuanzia 1896 hadi 1920. Tarehe 31 Oktoba 1903 aliwasilisha katika mkutano wa chama hicho mada kuhusu utafutaji wa vigawo vya namba kubwa, na makala yake yenye kurasa chache ilichapishwa mwezi Desemba katika jarida la chama. Kiini chake ni mlinganyo mmoja:

2⁶⁷ − 1 = 193,707,721 × 761,838,257,287.

Njia yake inastahili kuelezwa kwa sababu simulizi za baadaye huiruka. Cole alirejea kwenye wazo la Fermat kwamba namba witiri yenye vigawo viwili inaweza kuandikwa kama tofauti ya namba mbili zilizo katika kipeo cha pili: a² − b². Hapo a ni nusu ya jumla ya vigawo na b ni nusu ya tofauti yake. Akimpata a, tatizo limekwisha. Kazi basi ni kumzungushia a uzio wa masharti mpaka abaki na mahali pachache pa kujificha.

Sharti moja la nguvu hutokana na kipeo chenyewe. Kwa kuwa kila kigawo huacha baki 1 kinapogawanywa kwa 67, ukitoa 1 katika kila kimoja na kuyazidisha masalio, zao hugawanyika kwa 67 mara 67, yaani 4,489. Kutokana na hilo, jumla ya vigawo viwili huacha baki lilelile ambalo 2⁶⁷ huacha inapogawanywa kwa 4,489. Masharti mengine Cole aliyapata kwa kuchunguza mabaki ya vipeo vya pili, na kwa kuyaunganisha alifikia sura hii:

a = 1,323,536,760x + 1,160,932,384.

Namba inayozidisha x ni zao la 8, 81, 5, 7, 13 na 4,489. Kila kipande ni alama ya sharti lililotimizwa. Kwa kuwa a lazima azidi kipeo cha nusu cha namba inayotafutwa, ambacho ni kama bilioni 12.15, thamani ya x huanzia 9. Jibu liko pale x inapokuwa 287: hapo a ni 381,015,982,504 na b ni 380,822,274,783. Jumla ya a na b ni kigawo kikubwa, na tofauti yake ni kigawo kidogo. Ndani ya sura hiyo kuna thamani 279 tu za x kuanzia 9 hadi 287, mahali pa wagombea 722,790 wa mgawanyaji. Ugumu haukuwa katika kuzipitia thamani hizo. Ulikuwa katika kuyapata masharti yaliyozaa sura yenyewe.

Hapa ndipo mchango wa Cole unapobainika. Hakuhitaji mtu yeyote aamini njia yake. Masharti yangeweza kuwa na kasoro, au sura ingeweza kupatikana kwa bahati njema. Vyote hivyo havingebadilisha kitu mara vigawo viwili vinapowekwa mezani. Mwanafunzi wa sekondari mwenye karatasi na subira anaweza kuzidisha namba ya tarakimu 12 kwa namba ya tarakimu 9, akajumlisha mistari tisa, na kupata tarakimu 21 zilezile. Kazi ya kutafuta ilikuwa kubwa. Kazi ya kukagua ni ya chini ya saa moja. Utofauti huo, ambao leo ni msingi wa mifumo ya kulinda siri za mawasiliano iliyoanza kujengwa juu ya namba kubwa miaka ya 1970, ulionekana wazi kwenye mlinganyo wa mstari mmoja.

5.0 Simulizi ya Bell na Mipaka Yake

Umaarufu wa tukio la 1903 unatokana kwa kiasi kikubwa na Eric Temple Bell, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu hisabati kama malkia na mtumishi wa sayansi alieleza jinsi Cole alivyokwenda ubaoni kimya, akakokotoa 2 katika kipeo cha 67, akatoa 1, akahamia upande mwingine wa ubao, akazidisha namba mbili kwa mkono, na kurudi kwenye kiti chake huku hadhira ikishangilia. Bell aliongeza kwamba alipomuuliza Cole mwaka 1911 kazi hiyo ilimchukua muda gani, alijibiwa kuwa ni Jumapili za miaka mitatu.

Ushahidi huu una sehemu mbili zenye uzito tofauti. Kuhusu mazungumzo ya 1911, Bell alikuwa na nafasi ya kuyasikia, kwa kuwa alisoma Columbia na kupata shahada ya uzamivu huko mwaka 1912. Kuhusu ukumbi wa 1903, hali ni nyingine: mwaka huo Bell alikuwa mwanafunzi wa Stanford, California, upande wa pili wa bara. Maelezo yake ya kimya, chaki na makofi ni ya kupokea, yameandikwa miaka 48 baada ya tukio, tena na mwandishi ambaye sura yake juu ya Évariste Galois katika kitabu cha 1937 imekosolewa na wanahistoria kwa kupendelea mvuto wa hadithi kuliko nyaraka.

Hili halimaanishi kwamba simulizi ni uongo. Tendo la kuzidisha ubaoni linawezekana kabisa, na linaafikiana na asili ya matokeo yenyewe. Jumapili za miaka mitatu nazo zinaweza kupimwa. Ni siku zipatazo 156. Mgawanyaji wa kawaida angelazimika kupima wagombea 4,633 kila Jumapili. Hata akiwaondoa wote wanaogawanyika kwa 3, 5 au 7, na hata akifanya kazi saa 12 bila kupumzika, angebaki na zaidi ya 170 kwa kila saa. Kwa mkono wa binadamu, jambo hilo haliwezekani. Muda uliotajwa unakubalika tu kwa mtu aliyetumia masharti kama yale ya Cole. Kwa hiyo wanaoutaja kama kielelezo cha uvumilivu peke yake wanakosea: Jumapili hizo zinashuhudia njia kabla ya kushuhudia subira.

Hasara kubwa ya simulizi iko kwingine. Ili kimya cha Cole kiwe na kishindo, lazima pawe na imani ya kubomolewa. Ndipo dai la Mersenne linapopewa uhai wa miaka 250 na Lucas anapoondolewa jukwaani. Pamoja naye huondoka swali zima la thamani ya jibu lisilo na vigawo. Simulizi inahifadhi tokeo na kupoteza tatizo.

6.0 Hitimisho

Makosa mengine ya orodha ya Mersenne yalisahihishwa kwa mikono mbalimbali: Ivan Pervushin alithibitisha utasa wa 2⁶¹ − 1 mwaka 1883, naye R. E. Powers akafanya hivyo kwa kipeo 89 mwaka 1911 na kwa kipeo 107 mwaka 1914. Katika mlolongo huo, 2⁶⁷ − 1 ina nafasi ya pekee kwa kuwa imepitia ngazi zote tatu: ilidaiwa, ikakanushwa kwa hesabu ya kuaminiwa, kisha ikafunguliwa kwa vigawo vya kuonekana.

Tatizo aliloliacha Lucas halijatoweka. Inajulikana kwamba 2¹²⁷⁷ − 1, yenye tarakimu 385, si tasa, lakini hakuna hata kigawo chake kimoja kilichopatikana. Mradi wa kimataifa wa kutafuta namba za Mersenne kwa kompyuta, ulioanza mwaka 1996, kwa miaka mingi ulipima mara ya pili, kwa mashine tofauti, kila kipeo kilichotoa jibu la hapana, na kulinganisha mabaki ya mwisho. Sababu ni ileile: baki lisilo sifuri peke yake halitofautishi ukweli na hitilafu.

Kwa mtafiti wa historia ya sayansi, funzo linahusu pia nyaraka. Mlinganyo wa Cole hauhitaji shahidi. Ungebaki kweli hata kama hakuna aliyehudhuria mkutano ule. Makofi, kimya na Jumapili vinahitaji shahidi, na shahidi huyo hupimwa kwa kuuliza alikuwa wapi na aliandika lini. Anayetumia uhakika wa mlinganyo kuipa simulizi uhakika usio wake anarudia kosa la wasomaji wa Mersenne, walioichukua orodha kuwa uthibitisho kwa sababu ya jina lililokuwa juu yake.